pH ya tangi langu inashuka kila asubuhi. Niongeze dawa?

*"Habari, mtaalamu. Nina tangi la maji ya bahari la lita 200. Ukiondoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 180. Lina miezi saba. Ndani kuna samaki wawili aina ya Amphiprion, kamba mmoja, konokono kadhaa, matumbawe laini matatu na tumbawe gumu moja dogo. Tunakaa Donholm, ghorofa ya nne, na tangi liko sebuleni. Tangu baridi ianze Juni, kalamu ya pH, ile ya kupima uchachu wa maji, inasoma 7.8 kila asubuhi. Dukani niliuziwa unga wa kupandisha pH. Natia kijiko kimoja cha chai asubuhi, jioni napata 8.2, kesho yake asubuhi ni 7.8 tena. Leo ni wiki ya tatu. Sasa matumbawe yamejikunja, hita imeota ukoko mweupe, na mchanga umeshikana vipande vipande kama saruji. Halafu maji yanapungua sana siku hizi. Mwezi huu mzima nimekuwa nikijaza lita mbili za maji ya chumvi kila siku ya pili, vile fundi aliyenifungia tangi alinielekeza, ili chumvi isipungue. Haidromita, kile kipimo cha chumvi, inasoma 1.025 na kikaratasi cha amonia kinaonyesha sifuri. Je, niongeze unga? Ama maji ya Nairobi hayafai, niagize ya bahari kutoka Mombasa?"*

Usiongeze unga. Hata kile kijiko kimoja cha kesho asubuhi, kiache. Nimeanza na hilo kwa sababu jibu langu litakuwa refu, na sitaki utie kingine huku ukingoja nimalize.

Nimeielewa hofu yako. Umeona nambari inashuka, ukaona matumbawe yanajikunja, ukayaunganisha mambo mawili. Yeyote angeyaunganisha. Lakini rudia barua yako ukifuata tarehe. pH ilishuka Juni na matumbawe yakaendelea kufunguka kama kawaida. Yamejikunja sasa, baada ya wiki tatu za unga na mwezi mzima wa kujaza maji ya chumvi. Hiyo 7.8 haikuyafanya kitu. Nimeona matumbawe yakinawiri kwenye matangi ambayo asubuhi husoma 7.8 na jioni 8.1 au 8.2, mwaka baada ya mwaka, na wenyewe hawana habari na unga wowote. Naona makosa mawili kwenye tangi lako, na yote mawili yalianza na ushauri uliopewa kwa nia njema. Nitaanza na la pH kwa kuwa ndilo linalokukosesha usingizi, ingawa lile la chumvi ndilo zito zaidi.

Fanya hivi kesho. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujafungua dirisha lolote, chota maji ya tangi kwenye glasi mbili. Pima pH, uandike. Glasi moja iache papo hapo mezani. Ya pili itoe roshani, uitumbukizie ule mpira wa pampu ndogo ya hewa, iache itokote mapovu kwa saa nzima. Kisha pima zote mbili. Nina hakika kiasi cha kuweka dau kwamba ya mezani itabaki palepale na ya roshani itakuwa imepanda, pengine hadi 8.0 au 8.1, bila chembe ya unga.

Kilichobadilika kwenye glasi ya roshani ni hewa tu. Kaboni dioksidi ikiingia majini hugeuka kuwa asidi hafifu, na maji ya tangi hufuata hewa ya chumba lilimo. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi sehemu 420 na ushei katika kila milioni. Chumba kilichofungwa usiku kucha, watu wamelala, jioni yake gesi ilipika ugali na mboga, hupita 1,000 bila shida, na hata 2,000. Sasa jiulize ni nini kilibadilika nyumbani kwako Juni. Baridi ya Nairobi iliingia mkafunga madirisha. Kalamu yako imekuwa ikipima pumzi za familia yako.

Na ile 8.2 ya jioni? Unga unapewa sifa ya bure hapo. Taa za tangi zikiwaka mchana, mwani ulio ndani ya miili ya matumbawe na ule wa kwenye mawe hula kaboni dioksidi ile ile, na pH hupanda. Taa zikizimwa, kila kiumbe humo huendelea kupumua na hakuna anayeila, pH hushuka. Mzunguko huo uko hata kwenye miamba ya Watamu, ila bahari ni kubwa na hewa yake ni ya wazi, kwa hiyo huonekana kidogo. Siku ya kwanza bila unga utapima jioni ukute nambari ile ile au karibu yake.

Kwa hiyo unga umekuwa ukifanya nini wiki tatu? Hapa inabidi tuzungumzie kitu ambacho hukukitaja kabisa kwenye barua: ualkali, ile nambari inayoandikwa dKH. pH inakuambia maji yana uchachu kiasi gani saa hii. Ualkali unakuambia maji yana bikaboneti na kaboneti kiasi gani za kukabili asidi inapoingia, na ndizo hizo matumbawe magumu hutumia, pamoja na kalsiamu, kujengea mifupa. Maji ya bahari yana kama 7 dKH. Tangi la nyumbani likikaa kati ya 7 na 11, bila kuyumba, ni sawa. Kutoyumba kuna uzito kuliko nambari yenyewe.

Unga mwingi wa kupandisha pH ni bikaboneti au kaboneti ya sodiamu, au mchanganyiko wa hizo mbili. Tuchukue ni bikaboneti, yaani soda ile ile ya kuokea keki. Gramu 3 katika lita 100 hupandisha ualkali kwa 1 dKH. Kijiko chako cha chai ni gramu 5 hivi, maji ni lita 180, kwa hiyo kila asubuhi umekuwa ukiongeza karibu 0.9. Zidisha kwa siku 21 upate 19. Kama ulianzia 8, leo ungekuwa na 27. Huna. Hakuna tangi linalofika huko. Ukipima leo nadhani utapata 12, 13, labda 14.

Zilizobaki unazijua ziliko. Ziko kwenye hita na mchangani. Maji ya bahari hubeba kalsiamu na kaboneti kwa pamoja hadi kiwango fulani. Ukipitisha, huungana na kuganda kuwa chokaa. Chokaa hii ina tabia ya kuganda mapema penye joto, ndiyo maana ukoko umeanzia kwenye hita, na hita ya Julai haipumziki. Kila 1 dKH inayoganda huondoka na miligramu 7 hivi za kalsiamu kwa lita. Tuseme zimeganda dKH 10 tu: hizo ni gramu 32 za chokaa zilizoshikanisha mchanga wako, na kalsiamu imeshuka kwa miligramu 70 kwa lita. Tumbawe gumu linahitaji kati ya 400 na 450. Umetia dawa, na dawa imebeba chakula cha mgonjwa.

Halafu kuna kichekesho kibaya cha kemia. Bikaboneti inapoganda kuwa chokaa, huachilia kaboni dioksidi. Yaani sehemu ya unga wako imekuwa ikirudi majini kama ile asidi uliyokuwa ukipigana nayo.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo sijawahi kumsikia mwenye duka akimwambia mteja. Hewa ya chumba ikibaki ile ile, ukitaka kupandisha pH kwa 0.3 kwa kutumia ualkali peke yake, lazima uuongeze maradufu. Kutoka 7.8 hadi 8.1 ungehitaji kutoka 8 dKH hadi 16, na kabla hujafika huko kila kitu kingekuwa kimeganda. Mlango huo umefungwa, haidhuru unga ni wa bei gani.

Tuje kwenye chumvi.

Fundi wako alikuwa na mantiki yake: maji yamepungua, yalikuwa ya chumvi, basi yarudishwe ya chumvi. Lakini kinachopanda hewani ni maji matupu. Mama yeyote wa Pwani aliyewahi kuona chumvi ikianikwa anajua hilo: jua hubeba maji, chumvi hubaki chini. Tangi lako lilikuwa na gramu 35 za chumvi kwa lita, jumla kilo 6.3. Ndani ya mwezi umetia lita 30 za maji ya chumvi mahali pa maji matupu yaliyoondoka, yaani umeongeza kilo moja na zaidi. Kilo 7.35 katika lita zile zile 180 ni karibu gramu 41 kwa lita. Kama ulikuwa ukibadilisha maji kila wiki, toa kidogo, useme 40. Samaki huvumilia hapo kwa muda. Matumbawe laini hujikunja, hasa hivyo unavyoeleza.

Utaniuliza, mbona haidromita inasema 1.025? Chumvi ya 40 ilipaswa kusoma 1.030 hivi. Hiyo ya sanduku la plastiki lenye mshale naichukia kwa sababu niliwahi kuiamini. Tangi langu la kwanza, miaka hiyo nikiwa na nywele, mshale ulisoma vizuri wiki baada ya wiki huku kamba wangu wakifa mmoja mmoja. Siku moja niliuosha mshale kwa siki, nikapima maji yale yale, ukaruka juu. Ulikuwa umevaa ukoko mwembamba wa chumvi na chokaa ambao jicho halikuuona, ukawa mzito, ukashindwa kupanda. Mapovu yakiushika hufanya kinyume, huuinua ukasoma juu. Na wewe una maji yanayogandisha chokaa hadi mchangani, sembuse kwenye mshale.

Nunua refraktomita. Ni ile darubini ndogo ya mkononi, unadondosha matone mawili kwenye kioo, unafunika, unaelekeza dirishani na kusoma mstari kati ya buluu na nyeupe. Lakini usiisahihishe kwa maji matupu peke yake jinsi kijikaratasi chake kinavyosema. Ikiwa sawa kwenye sifuri haimaanishi iko sawa kwenye 35. Wanauza maji ya kusahihishia ya 35, na ukiyakosa utayatengeneza jikoni: gramu 36.5 za chumvi ya kawaida katika gramu 963.5 za maji yaliyochujwa, upime kwa mizani ya kidijitali, ukoroge hadi ziyeyuke zote. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Dondosha, zungusha skrubu hadi mstari ukae kwenye 35. Kisha uhifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, uandike juu kwa kalamu nene "SI YA TANGI", maana kuna siku mtu wa nyumbani atataka kukusaidia kujaza.

Ukithibitisha kuwa uko 40, usikimbilie 35 leo. Viumbe hawa mwili wao umezoea hapo ulipo, na kushusha ghafla huwaumiza kuliko chumvi yenyewe. Shusha gramu moja kwa lita kila siku. Kwa maji yako, hiyo ni kutoa lita 4.5 za maji ya tangi na kurudisha lita 4.5 za maji matupu yaliyochujwa, ya joto linalokaribiana, polepole mahali penye mkondo wa pampu. Siku tano au sita umefika. Ualkali nao utashuka kwa uwiano huo huo bila wewe kuugusa: 13 itakuwa 11 na kitu. Kalsiamu pia itashuka, na hiyo ndiyo sababu ninasema kila mara chumvi ipimwe kwanza. Nambari nyingine zote zimekaa juu yake. Mtu akiniambia kalsiamu yake ni 430 bila kuniambia chumvi, hajaniambia kitu.

Kutoka hapo, maji yakipungua jaza maji matupu. Chora mstari kwenye kioo cha pembeni kwa kalamu ya alama, ujaze hadi mstarini kila asubuhi, kidogo kidogo. Wala usishangae kwamba Julai yanapungua zaidi: maji ni nyuzi 25, sebule usiku ina baridi, ni kama sufuria iliyo mbali sana na kuchemka, lakini sufuria hata hivyo. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha tu, asilimia 10 kwa wiki inatosha kwa tangi kama lako, na ndiyo njia ya upole ya kurudisha kalsiamu na magnesiamu iliyopotea.

Juu ya kupima ualkali, nunua kile cha matone, Salifert au API au Hanna ya kidijitali ukiwa na uwezo. Vikaratasi vya kuchovya viache, kwa ualkali havina macho. Shika chupa wima kabisa, kichwa chini, la sivyo matone hutoka madogo na utahesabu mengi. Tikisa kila baada ya tone. Simama dirishani mchana, usipime chini ya taa ya manjano ya sebuleni, kwa sababu unachotafuta ni lile tone moja linalogeuza rangi kabisa, na chini ya taa hiyo utalipita. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa. Vipimo hivi husafiri mbali kabla ya kufika Nairobi na vingine hukaa rafuni hadi vizeeke. Wiki mbili za kwanza pima ualkali kila siku ya pili, saa ile ile. Usitie chochote. Utauona ukishuka wenyewe polepole, na utakapofika 8 au 9 utajua pia matumbawe yako hula kiasi gani kwa siku. Hapo ndipo penye maana ya kuongeza kitu, kwa kipimo, na huenda kwa tumbawe gumu moja dogo usihitaji kamwe. Maji mapya ya kila wiki yatatosha.

Kalsiamu pima mara moja sasa, mara moja baada ya wiki mbili. Magnesiamu hivyo hivyo, iwe kati ya miligramu 1,250 na 1,350 kwa lita; ikiwa chini sana, chokaa huganda kwa urahisi zaidi. Amonia yako ya sifuri katika tangi la miezi saba naiamini, bakteria wa mawe wameshashika kazi. Ila ujue tu kwamba amonia huwa sumu kali zaidi pH ikipanda, kwa hiyo mwenye tangi changa anayesukuma pH juu kwa nguvu hujiongezea hatari mara mbili.

Na hiyo 7.8, je, uiache tu? Unaweza, kwa amani. Ukitaka kuipandisha kwa haki, ya kwanza ni bure: fungua dirisha la sebule inchi mbili usiku, hita itakula stima kidogo zaidi. Ya pili ni kama una skima, ile mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu: ule mpira wake mwembamba wa kuvuta hewa, urefushe hadi nje ya dirisha, skima ivute hewa ya nje badala ya ya chumbani. Kwangu hilo lilipandisha asubuhi kutoka 7.8 hadi 8.0, kwa mpira wa mita tatu. Ya tatu ni maji ya chokaa, yale ya haidroksaidi ya kalsiamu, ambayo kweli hula kaboni dioksidi na kuongeza kalsiamu pamoja na ualkali. Ni dawa nzuri mikononi mwa mtu anayepima kila siku, na njia ya haraka ya kuua tangi mikononi mwa mwingine. Kwako, mwezi huu, hapana. Na tafadhali, chokaa ya kupaka ukuta siyo hiyo, hata kama fundi fulani atakuapia.

Nikiwa hapo hapo, kuna msomaji mwingine aliwahi kuniuliza kama anaweza kutumia magadi, yale ya kulainishia maharagwe, kwa kuwa ni "kaboneti tu". Ni kaboneti, ndiyo, lakini mawe yale ya Ziwa Magadi huja na fluoridi nyingi na vitu vingine visivyopimwa. Yabaki kwenye sufuria, na hata huko kidogo.

Sasa maji ya Nairobi. Hayana kosa kubwa. Mengi ya mfereji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ni maji laini yasiyo na madini mengi, yametiwa klorini. Shida ni kwamba hujui kama yaliyo kwenye tangi la juu ya paa lenu ni hayo. Mgao ukikolea, mwenye nyumba huita boza, na boza mara nyingi ni la maji ya kisima kirefu. Visima vya Nairobi vina fluoridi na bikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Ukikorogea chumvi ya tangi kwenye maji hayo, unaanza na ualkali uliopanda kabla hujafungua unga wowote. Huenda hata hilo limechangia kwako. Nunua kalamu ya TDS, inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, ni ya bei nafuu, upime maji kila unapoteka. Ukiweza kufunga mashine ndogo ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, yenye hatua ya mwisho ya kuondoa ayoni, isome sifuri, umemaliza. Ukishindwa, yale maji ya kujaza mitungi ya lita 20 mtaani mengi huwa yamepitia RO, lakini maduka mengine huyarudishia madini ili yawe na ladha. Yakisoma chini ya 10 nunua. Yakisoma 60, hayo ni ya kunywa.

Na ya Mombasa? Nayapenda, nimeyatumia. Yakichotwa mbali na ufuo, mbali na midomo ya mito na mifereji, na si msimu wa mvua, ni maji bora kuliko tunayokoroga. Lakini fikiria mtungi wa kilo ishirini na zaidi kwa kila lita ishirini, kilomita karibu 480, na aliyekuchotea alisimama wapi. Zaidi ya hayo, yakifika Donholm usiku wa leo, kesho asubuhi sebuleni kwako yatasoma 7.8.

Hukuuliza kuhusu stima kupotea, nami nitaligusa kwa sababu kwetu ndilo huua kabla ya kemia. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi. Maji ya bahari ya nyuzi 25 kule Mombasa hubeba oksijeni miligramu 6.7 hivi kwa lita. Hapa, kwa kuwa hewa ni nyepesi, ni 5.5 yakiwa yamejaa kabisa. Akiba ni ndogo. Pampu ikisimama usiku, taa zimezimwa, samaki hawana saa nyingi. Pampu ndogo ya hewa ya betri, iwe na betri ndani na si kwenye droo ya chumba kingine.

Kuna wakati wa kuacha kusoma majibu yangu na kumwita mtu aje. Samaki wakihemea juu ya maji au mashavu yakipiga haraka, usisubiri: tia pampu ya hewa, na umpigie anayefuga maji ya chumvi kwa muda mrefu aje na vipimo vyake mwenyewe, si kutazama vyako. Fanya hivyo pia ukipima ualkali kwa vipimo viwili tofauti ukapata zaidi ya 14, au maji yakigeuka meupe kama tui la nazi, maana hapo chokaa inaganda yote kwa mkupuo. Vidonda au madoa kwenye samaki ni kazi ya daktari wa mifugo anayejua samaki. Usikubali kuuziwa dawa ya shaba ya kutia kwenye tangi hilo, itamaliza kamba, konokono na matumbawe yako yote kabla haijamtibu samaki.

Mchanga ulioshikana uvunje taratibu kwa vidole, kipande kidogo kila wiki, usiufukue wote kwa siku moja. Hita itoe uilaze kwenye siki usiku mmoja, uisuuze, uikague kwa mwanga kama kioo kimepata ufa. Ukoko huzuia joto kutoka na kioo hupasuka. Ukiona ufa hata kama unywele, itupe. Na kabla ya kutia mkono majini kuitoa, chomoa plagi ukutani, ungoje dakika kumi na tano ipoe.